Sura ya Nne: Nani Amesogeza Pambizo?

Malalamiko yanayosikika sana katika saiba za mji wa Machakos ni kwamba mashine imeharibu kazi ya mtu. Mwanafunzi ameandika mradi wake wa utafiti kwenye kompyuta ya kuazima. Kila sura ilianza juu ya ukurasa wake na majedwali yalikaa sawa. Anachomeka flashi saiba, na tazama: kichwa cha Sura ya Tatu kimeteremka hadi katikati ya ukurasa, jedwali la bajeti limekatwa ukingoni, na pana ukurasa mtupu ambao hakuna aliyeuomba. "Boss, mashine yenu imeniharibia." Mhudumu ana foleni ya watu wanaomngojea, kwa hiyo habishani. Anabonyeza Enter mara tatu hapa, anafuta nafasi pale, ukurasa unaonekana mzima, anauchapisha na kupokea pesa zake. Wiki ijayo msimamizi wa utafiti ataomba aya moja iongezwe kwenye Sura ya Kwanza, na kila kitu kitahama tena.

Alichorekebisha mhudumu ni mwonekano wa jioni ile. Amri iliyouleta mwonekano huo bado imo ndani ya faili, na kazi ya sura hii ni kuitafuta. Word, Google Docs, LibreOffice na hata WPS Office iliyojaa kwenye simu zetu hupanga maandishi kwa ngazi tatu. Ukurasa una amri zake: ukubwa wa karatasi, pambizo, kusimama au kulala. Aya ina zake: ujongezo, nafasi kati ya mistari, nafasi kabla yake na baada yake. Herufi nazo zina zake: fonti, ukubwa, unene. Saa nyingi zinazopotea mbele ya kompyuta hupotea kwa kuchanganya ngazi hizi. Mtu anasogeza pambizo ya ukurasa ili anyooshe aya moja iliyopinda, na aya nyingine mia mbili zinapinda pamoja nayo.

Yasiyoonekana

Kabla ya kugusa chochote katika Word, bonyeza Ctrl, Shift na 8 kwa pamoja, au bofya kitufe chenye alama ya ¶. Ukurasa utajaa vitu vilivyokuwepo muda wote. Nukta ndogo ni nafasi iliyobonyezwa. Mshale mfupi ni Tab. Alama ya ¶ ni mwisho wa aya, na mshale uliopinda kurudi kushoto ni mwisho wa mstari ambao si mwisho wa aya. Ukikuta ¶ kumi na nne zimejipanga juu ya kichwa cha Sura ya Tatu, mchawi umeshamjua. Mwandishi alikisukuma kichwa kwa Enter mpaka kikafika ukurasa unaofuata. Kwenye kompyuta yake zilihitajika kumi na nne. Kwenye mashine ya saiba, yenye fonti nyingine, tisa zinatosha, na tano zilizozidi zinakiteremsha kichwa ndani ya ukurasa mpya. Zifute zote, weka kishale mwanzoni mwa kichwa, ubonyeze Ctrl na Enter. Huo ni mkato wa ukurasa, na utashika hata yaliyotangulia yakiongezeka au kupungua. Bora zaidi, kipe kichwa mtindo wa kichwa cha sura, kisha katika mtindo huo uagize kwamba kila kichwa cha namna hiyo kianze ukurasa mpya. Utaagiza mara moja tu kwa kitabu kizima.

Tabia ya kupanga kwa Enter na kitufe cha nafasi haikutokana na uvivu. Vyuo vya ukatibu nchini Kenya vilifundisha taipureta kwa miaka mingi, na upigaji chapa ulikuwa somo la kutahiniwa na baraza la mitihani, KNEC. Kwenye taipureta ya kawaida kila herufi ilichukua upana uleule, i sawa na m. Nafasi tano zilikuwa nafasi tano popote ulipo, kwa hiyo kupanga safu kwa kuhesabu nafasi ulikuwa ufundi halali, na waliokuwa hodari walitoa majedwali ya hesabu yaliyonyooka kama uzi. Pambizo ilikuwa kipande cha chuma cha kusogezwa kwa mkono. Kengele ililia mstari ulipokaribia mwisho, na mpiga chapa akalirudisha behewa la karatasi kulia ili mstari mpya uanzie kushoto; pigo hilo la kurudisha ndilo lililokuja kuwa Enter. Walimu wale walikijua kifaa chao barabara. Kilichobadilika ni kifaa, nao mkono ukaendelea na ulichozoea.

Fonti za leo hazina upana mmoja. Times New Roman, iliyotengenezewa gazeti la The Times la London na kuanza kutumika mwaka 1932, ilikusudiwa kubana maneno katika safu nyembamba za gazeti. I yake ni nyembamba, m yake ni pana. Safu iliyopangwa kwa jicho na kitufe cha nafasi itapishana mara tu jina la Mutua likibadilishwa kuwa Mwikali. Ukitaka jina likae kushoto na tarehe isimame kulia, bofya kwenye rula pale unapotaka tarehe isimame, kisha bonyeza Tab mara moja tu. Ukilazimika kubonyeza Tab mara sita, bado hujaweka kituo. Umerudia kuhesabu nafasi kwa kitufe kingine.

Machakos ina sababu ya ziada ya kulijali jambo hili. Mjini humo kuna chuo cha ufundi cha wasioona, Machakos Technical Institute for the Blind. Asiyeona anayetumia programu ya kusoma skrini kama JAWS au NVDA huipokea faili kwa sikio. Zile Enter kumi na nne, akizipitia mstari kwa mstari, ni utupu mara kumi na nne. Kichwa kilichonenepeshwa kwa mkono, bila mtindo wa kichwa, kwake ni aya kama aya nyingine: akibonyeza H ili aruke hadi kichwa kinachofuata, programu itakipita kana kwamba hakipo. Wapo wanaosema mpangilio ni urembo tu. Mtu huyu angewaambia kwamba faili iliyopangwa kwa amri anaweza kuizunguka atakavyo, na iliyopangwa kwa nafasi lazima aisikilize yote, takataka na yote, ili apate aya moja anayoitaka.

Pambizo au ujongezo?

Nje ya mji wa Machakos kuna mahali panaitwa Kyamwilu, ambapo wageni husimamisha gari, huweka gia huru, na gari huonekana kupanda kilima lenyewe. Maji yakimwagwa barabarani nayo huonekana kupanda. Vilima vya namna hiyo vipo sehemu nyingi duniani, na maelezo ya wanasayansi ni yaleyale: mandhari inayozunguka barabara inaficha upeo wa kweli, jicho linauona mteremko kuwa mwinuko. Ukurasa wa kompyuta hudanganya vivyo hivyo. Aya imetokeza nje ya ukingo wa kushoto na jicho linaapa kwamba pambizo imeharibika. Kipimo cha kweli kiko kwenye rula.

Weka kishale ndani ya aya yenye matatizo, uangalie rula iliyo juu ya ukurasa. Sehemu ya kijivu ni pambizo. Pembetatu mbili ndogo na kisanduku kilicho chini yake ni ujongezo wa aya hiyo peke yake: ya juu inashika mstari wa kwanza, ya chini inashika mistari inayofuata, na kisanduku kinazisogeza zote mbili kwa pamoja. Mpaka wa kijivu ukiwa palepale na pembetatu zimeingia ndani ya kijivu, pambizo haina kosa. Katika Word, Ctrl na Q huirudisha aya kwenye mtindo wake. Ctrl na kitufe cha nafasi hufanya hivyo kwa herufi ulizochagua. Ikiwa aya bado imepinda baada ya hapo, kosa limo kwenye mtindo wenyewe. Urekebishe mtindo, na aya zote zinazoutumia zitanyooka pamoja.

Orodha ya marejeleo ndiyo inayoteseka zaidi. Mfumo wa APA unataka mstari wa kwanza uanzie ukingoni na inayofuata iingie ndani kwa nusu inchi. Wengi hukata mstari kwa Enter na kusukuma wa pili kwa Tab, kisha wanarudia hivyo kwa kila kitabu katika orodha. Chagua orodha nzima na ubonyeze Ctrl na T. Imekwisha.

Karatasi ya nchi nyingine

Kuna kosa linaloharibu kazi nyingi kuliko yote hayo, nalo limekaa mahali ambapo karibu hakuna anayeangalia. Karatasi inayouzwa katika maduka ya Machakos ni A4, milimita 210 kwa 297. Marekani hutumia karatasi inayoitwa Letter, inchi 8.5 kwa 11, yaani milimita 215.9 kwa 279.4. Programu zetu nyingi zilitengenezwa huko, na kompyuta ikiachwa katika mipangilio ya Marekani, faili mpya huzaliwa ikiwa Letter. Karatasi hiyo imeizidi A4 upana kwa karibu milimita 6 na kupungukiwa urefu kwa karibu 18. Kwa herufi za ukubwa wa 12 zisizoachanishwa mistari, tofauti ya urefu ni mistari mitatu au minne kwa kila ukurasa. Katika kazi ya kurasa themanini hesabu hiyo inatosha kuzifanya namba zote za yaliyomo ziwe uongo.

Wakati mwingine printa hukataa kabisa. Inawaka taa na kungoja karatasi ambayo haimo na haitakuwemo. Printa za zamani za HP LaserJet zilionyesha maneno PC LOAD LETTER, ambayo filamu ya Office Space ya mwaka 1999 iliyageuza kichekesho kwa sababu wafanyakazi wa ofisi ya Marekani hawakuyaelewa. Mhudumu wa saiba angewaeleza bila kucheka: sanduku la karatasi linataka Letter, nasi tumeweka A4. Printa nyingine haikatai, inaupunguza au kuukuza ukurasa kimyakimya ili uenee, na pambizo uliyoipima kwa makini inatoka na kipimo kingine kwenye karatasi. Msimamizi mwenye rula ataigundua.

Kwa hiyo, faili yoyote iliyotoka kwa mtu mwingine, chagua maandishi yote kwa Ctrl na A, fungua menyu ya Layout, angalia ukubwa wa karatasi, uweke A4. Fanya hivyo kabla ya kugusa pambizo, kwa maana pambizo hupimwa kutoka ukingo wa karatasi, na ukingo ukihama kila kipimo kimehama.

Pambizo ya kushoto ina mtego wake. Vyuo vingi vya Kenya hutaka inchi 1.5 upande huo ili jalada lisimeze maneno. Word ina kisanduku kingine cha nafasi ya kujalidi, kinachoitwa Gutter, na mwanafunzi mwangalifu hujaza vyote viwili. Vinajumlishwa. Inchi moja na nusu, jumlisha nusu inchi ya kujalidi, ni inchi mbili za weupe, na jedwali lililokuwa likitosha sasa limetoka nje kulia. Chagua kimoja. Na ikiwa kazi itachapishwa pande zote mbili za karatasi, pambizo pana inatakiwa ibadilishane upande, kushoto kwa kurasa witiri na kulia kwa kurasa shufwa. Pambizo za kioo hufanya hivyo zenyewe. Bila hizo, nusu ya kurasa zitajalidiwa upande mwembamba.

A4 yenyewe ilitoka Ujerumani, katika kiwango cha DIN 476 cha mwaka 1922, kazi ya Walter Porstmann. Sifa yake ni kwamba ukiikunja katikati umbo linabaki lilelile. Karatasi mama, A0, ina eneo la mita moja ya mraba, na A4 ni sehemu moja ya 16. Ndiyo maana karatasi ya gramu 80 kwa mita ya mraba ina uzito wa gramu 5, na rimu ya karatasi 500 ina kilo mbili na nusu. Sifa hiyo ya kukunjika ndiyo inayobeba kazi moja ambayo saiba za Ukambani huifanya sana kuelekea mwisho wa wiki: vijitabu vya mazishi.

Kijitabu

Kijitabu cha mazishi ni A4 iliyokunjwa katikati, picha ya marehemu mbele, ratiba ya ibada, wasifu, tenzi, shukrani za familia nyuma. Karatasi moja inatoa kurasa nne, kwa hiyo idadi ya kurasa lazima igawanyike kwa nne, na hapa ndipo watu hubishana usiku na hesabu isiyobishika. Kurasa sita hazipo. Zipo nne au nane. Katika kijitabu cha kurasa nane, upande wa nje wa karatasi ya kwanza una ukurasa wa 8 na wa 1, na nyuma yake wa 2 na wa 7. Karatasi ya ndani ina wa 6 na wa 3, nyuma yake wa 4 na wa 5. Kurasa zinazokaa pamoja upande mmoja daima hujumlika kuwa 9.

Wengi huijenga kazi hii kwa mkono: ukurasa wa kulala, visanduku viwili vya maandishi, wasifu ukikatwa kwa jicho pale kisanduku kinapojaa. Kinatoka vizuri. Kisha saa tatu usiku simu inalia: "Mwanangu, mmemsahau shangazi yenu wa Masii kwenye orodha ya watoto wa marehemu." Jina moja linaongezwa kwenye ukurasa wa 2, mistari inasukumana, maneno ya mwisho ya kisanduku yanajificha chini ya ukingo wake bila kumwambia mtu, na asubuhi wasifu unasomwa kaburini ukiwa umekosa sentensi ya mwisho. Word ina njia yake, imo ndani ya dirisha la pambizo, kwenye orodha ya namna ya kurasa nyingi, inaitwa Book fold. Ukiichagua, unaandika kurasa 1 hadi 8 kwa mfuatano wa kawaida, na programu inazipanga 8 na 1, 2 na 7 wakati wa kuchapisha. Shangazi anaingia, maandishi yanatiririka hadi ukurasa wa 3. Kwenye printa, agiza karatasi igeuzwe kwa ukingo mfupi. Ikigeuzwa kwa ukingo mrefu, kurasa za ndani zitatoka kichwa chini.

Sehemu, simu na ukurasa wa mwisho

Kurasa zote za faili hazilazimiki kufanana. Jedwali pana linaweza kulala kati ya kurasa zinazosimama, na kurasa za mwanzo zinaweza kuwa na namba za Kirumi. Kinachoruhusu hilo ni kikomo cha sehemu, mstari wenye nukta unaoonekana tu ukiwasha zile alama za siri. Kikomo hicho kinabeba amri za sehemu iliyo kabla yake. Ukikifuta, maandishi ya kabla yanachukua amri za sehemu inayofuata, na ndivyo sura nzima inavyolala ghafla kwa sababu mtu alifuta mstari alioudhani hauna kazi. Bonyeza Ctrl na Z, mstari urudi, kisha fikiri upya. Alama ya ¶ nayo inabeba amri za aya yake. Ndiyo sababu aya mbili zikiunganishwa, moja hubadilika sura.

Maandishi yanayotoka kwenye PDF, na wakati mwingine kwenye simu, huja yamekatwakatwa, kila mstari na mwisho wake. Ukiyanyoosha kingo zote mbili, mistari iliyokatwa kwa Shift na Enter hujitanua, maneno matatu yakienea ukurasa mzima. Usifute mstari mmoja mmoja. Katika dirisha la kutafuta na kubadilisha, ^l ni mkato wa mstari na ^p ni mwisho wa aya. Badilisha ^l kwa nafasi moja. Ikiwa mistari imekatwa kwa ^p, kwanza badilisha ^p^p kwa alama isiyotumika kwingine, tuseme ##, ili aya za kweli zihifadhiwe. Kisha ^p kwa nafasi. Mwisho ## irudi kuwa ^p.

Fonti nayo huhama na mashine. Word ya mwaka 2007 ilileta Calibri kama chaguo-msingi, na matoleo mapya yanatumia Aptos. Faili ya Aptos ikifunguliwa kwenye kompyuta isiyo na fonti hiyo, programu huweka nyingine yenye upana tofauti, na mistari inakatika mahali pengine. LibreOffice huziba pengo la Calibri kwa Carlito, iliyochorwa kwa upana uleule, hivyo mistari haihami. Kwa faili isiyohitaji tena kuhaririwa, dawa ni PDF. Makarani wa mawakili wamelizoea hili, hasa tangu Mahakama ya Kenya ilipopanua mfumo wa kuwasilisha hati kwa mtandao hadi nchi nzima Machi 2024. Peleka saiba PDF ya kuchapisha, na ile faili ya kuhariri ibaki kwenye flashi ikiwa msimamizi atataka neno libadilishwe.

Umebaki ule ukurasa mtupu. Ukiwa katikati ya kazi, washa alama na utakuta mkato wa ukurasa umewekwa mara mbili, au kikomo cha sehemu kinachotaka ukurasa mpya kikifuata mkato mwingine. Futa kimoja. Ukiwa mwishoni, na ukurasa wa kabla unaishia kwa jedwali, usipoteze muda kuufuta. Word huweka lazima aya moja tupu baada ya jedwali, na aya hiyo ndiyo iliyoangukia ukurasa mpya. Ichague, ipe herufi za ukubwa wa 1, ondoa nafasi ya kabla na ya baada, weka mstari mmoja. Itapanda hadi chini ya jedwali, na hutalipia karatasi nyeupe.